Kolchisini ya gauti: nyota nne, na hiyo moja niliyoinyima nitawaambia kwa nini

Wakuu, leo sileti rivyuu ya simu wala sabufa, naleta ya kidonge. Kolchisini ya miligramu 0.5, kadogo kiasi kwamba kakidondoka kwenye zulia unakatafuta na tochi. Huu mwaka wa pili ninako ndani, nimekatumia vibaya mpaka nikajuta na nimekatumia vizuri mpaka nikashangaa, kwa hiyo nadhani haki ya kukasema ninayo.

Mimi ni mtu wa gauti, wazee wanaita jongo. Ilinianza usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na hiyo Jumamosi tulikuwa Sinza na washkaji, kitimoto, ndizi za kukaanga, bia idadi sitaji maana mama Neema huwa anapita pita kwenye simu yangu. Saa tisa usiku nashtuka kidole gumba cha mguu wa kushoto kinawaka, sio kuuma, kuwaka. Shuka likigusa nataka kulia, feni ikigeukia upande ule nataka kulia. Kulipokucha kidole kimevimba ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya mgando, ukisogeza kiganja bila hata kugusa unasikia joto linatoka. Sikujikwaa, sikuumwa na mdudu, sikucheza mpira. Mama mkwe kwenye simu akasema huyo kakanyaga kitu alichowekewa, na mimi na digrii yangu nikakaa kitandani naanza kuwaza ni nani pale mtaani ananionea wivu.

Miaka mitatu baada ya hapo maisha yangu yakawa ya sindano. Kidole kikiwaka, bajaji, duka la dawa, sindano ya diklofenaki ya kalio, siku mbili tatu natembea. Sitaki unafiki, ile sindano inafanya kazi. Ila tumbo likaanza kuniunguza usiku, presha ikaanza kupanda, na siku nilipopima damu figo zikaonekana zimeanza kulalamika. Kipindi hicho hicho muuzaji wa duka moja la mtaani, jina naliacha, akanipa kolchisini kwenye kibahasha cha kaki bila karatasi ya maelezo, akaniambia kaka meza kimoja kila lisaa mpaka maumivu yaishe au tumbo lifunguke. Basi tumbo likawahi. Kufika saa sita usiku nilikuwa nimehamia chooni jumla, na simu nimebeba na chaja nimebeba, mama Neema analeta maji ya ORS mlangoni kama anahudumia mfungwa. Rivyuu ningeiandika usiku ule mngekuta nyota sifuri na matusi.

Baadaye nikaja kujua yule muuzaji hakutunga kitu kichwani mwake, hayo ndo yalikuwa maelekezo ya zamani hata kwa wazungu, meza kila saa mpaka upone au uharishe. Mwaka 2010 ndo ukachapishwa utafiti wa Marekani unaoitwa AGREE, ukalinganisha dozi kubwa ya miligramu 4.8 ndani ya masaa sita na dozi ndogo ya 1.8 ndani ya saa moja. Upande wa maumivu zikafungana. Upande wa kuharisha ni mbingu na ardhi, dozi ndogo haikuwa na tofauti ya maana na kidonge feki. Kwa hiyo mimi nililala chooni kwa dozi iliyopitwa na wakati, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko kidole chenyewe.

Aliyenifungua macho ni dokta mmoja wa kike, umri mdogo kuliko wangu, ananiita baba na kila akiniita baba nakumbuka mvi. Akapima yuriki asidi, ile taka ya damuni ambayo figo zinatakiwa kuitoa, ikasoma 9.1. Akasema damu inaweza kuibeba ikiwa imeyeyuka mpaka kama miligramu 6.8 kwa desilita, ikizidi hapo inaanza kuganda fuwele, zile punje zenye ncha, kama chumvi inavyobaki kwenye sufuria maji yakikauka, na panapokuwa na ubaridi ndo inaganda kirahisi zaidi, na mwilini hakuna kijiji cha mbali na baridi kama kidole gumba cha mguu. Nikamwambia sawa dokta, kwa hiyo hizo fuwele ndo zinanichoma kama vigae vya chupa. Akacheka.

"Hapana baba, fuwele zinaweza kukaa kwenye goti lako miezi na usijue kama zipo. Wanaokuumiza ni askari wako mwenyewe."

Akageuza fomu ya maabara akaanza kuchora nyuma yake. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo, na bila hiyo karatasi hii rivyuu isingekuwepo maana dawa hii ukiitumia bila kuelewa inafanya nini utaiona mbovu. Naeleza nilivyoelewa mimi mtu wa hesabu, madokta mnivumilie.

Kinga ya mwili ina makundi mawili. Kuna wanaokwenda shule, hao ndo chanjo inawafundisha. Halafu kuna wale tunaozaliwa nao, hawasubiri kufundishwa na mtu, wana vipokezi vinavyotambua vitu vichache tu, ganda la bakteria, vinasaba vya virusi, au uchafu unaomwagika seli zetu wenyewe zikipasuka. Wakikigusa kitu cha namna hiyo wanapiga king'ora, na king'ora ndo ule uvimbe wa moto tunaoujua, wataalamu wanaita inflamesheni. Vipokezi maarufu ni vya ukoo wa Toll. Jina limetoka kwenye inzi wadogo wa matunda huko Ujerumani, inasemekana mwanasayansi mama Christiane Nüsslein-Volhard alipomuona inzi mwenye hitilafu ya hicho kinasaba akaropoka "toll!", kwao ni kama sisi kusema aisee kali hii. Mwaka 1996 timu ya Jules Hoffmann pale Strasbourg ikaonyesha inzi mwenye Toll mbovu analiwa na fangasi mpaka anakufa, mwaka 1998 timu ya Bruce Beutler Marekani ikakuta panya naye ana ndugu yake Toll, na huyo ndo anayenusa ganda la bakteria. Nobel wakaipata 2011. Ukiumwa taifodi ukatetemeka chini ya blanketi, walioanza kupiga kelele ni hao.

Ila kipokezi wa gauti hakai kwenye ukuta wa seli, anakaa ndani yake. Anaitwa NLRP3, jina kama namba ya bodaboda. Mambo yanaenda hivi: kuna seli walafi zinaitwa makrofaji, kazi yao kuzoa taka, wanaikuta fuwele wanaimeza kama wanavyomeza kila kitu. Sasa fuwele haimeng'enyeki, inapasua kile kifuko cha kumeng'enyea humo humo ndani, potasiamu inavuja nje ya seli, NLRP3 anashtuka. Akishtuka anaita wenzake wanashikana wanakuwa mtambo mmoja unaoitwa inflamasomu, jina walilolitoa 2002 kina Jürg Tschopp pale Lausanne Uswisi, na 2006 timu hiyo hiyo ikaonyesha kwamba fuwele za gauti ndo zinauwasha huo mtambo. Mtambo ukiwaka unaamsha kimeng'enya kaspesi-1, ambacho ni mkasi. Mkasi unakata vitu viwili, intalukini-1 beta, kemikali ya king'ora chenyewe, iliyokuwa imefungwa kama mzigo wa posta, na gasdamini D ambayo inakwenda kutoboa matundu kwenye ukuta wa seli ili mzigo utoke. Ukishatoka mishipa inatanuka damu inajaa ndo joto lile, maji yanavuja ndo uvimbe ule, na nyutrofili, seli nyeupe za damu, hao FFU wetu, wanashuka kwa mamilioni kwenye kidole kimoja cha mguu. Wanazikuta fuwele, nao wanameza, nao wanapasuka, vurugu mpya.

Nikauliza swali ambalo najivunia mpaka kesho: kama fuwele zipo muda wote, mbona kidole hakiwaki kila siku? Dokta akafurahi kabisa, akasema mtambo una funguo mbili. Ufunguo wa kwanza unaifanya seli itengeneze malighafi, hiyo intalukini ambayo haijakatwa, na huo mara nyingi unatoka kwa hao vipokezi vya Toll. Ufunguo wa pili ndo fuwele. Fuwele peke yake ni kama kuwasha jiko bila mkaa. Sasa Uholanzi mwaka 2010 walionyesha, kwenye panya na kwenye seli za watu, kwamba asidi za mafuta zikikutana na fuwele zinagonga kipokezi kimoja cha ukoo wa Toll, TLR2, na intalukini inamwagika kwa wingi.

"Kwa hiyo dokta unasema kile kitimoto..."

"Mimi sijataja kitimoto baba, umetaja wewe."

Bia nayo ina kesi yake pembeni, inapandisha yuriki asidi na inazuia figo isiitoe, hiyo wala haihitaji mchoro.

Sasa turudi kwenye bidhaa. Hii dawa siyo ya maumivu, na hapo ndo wengi wanaikosea, wanaimeza kama Panadol wanakaa wanasubiri. Ndani ya seli kuna reli, mirija myembamba iliyojengwa kwa protini inaitwa tubulini. Nyutrofili wanaitumia kutembea na kujipenyeza, na makrofaji wanaitumia kukusanya vile vipande vya inflamasomu mpaka vishikane. Kolchisini inang'ang'ania tubulini, reli hazijengwi, askari wanabaki kambini na mtambo haukusanyiki vizuri. Umeona ujanja? Inafanya kazi kabla jeshi halijashuka. Likishashuka hata umeze pakiti nzima, utaishia kuwa na magonjwa mawili.

Nikaipima. Ijumaa jioni niko ofisini nafunga hesabu za mwezi, kidole kikaanza kile kimuwasho chake, wenye gauti mnakijua, sio maumivu ni kama mtu anabisha hodi. Mara hii nilikuwa nacho kwenye wallet. Nikafanya alivyoniandikia dokta, viwili papo hapo, saa moja baadaye kimoja, basi, hakuna cha ziada siku ile. Usiku nililala. Kidole kilikuwa kigumu na kimejaa kidogo ila shuka liligusa na sikulia. Jumatatu nimeingia na kiatu cha kamba. Tumbo? Lilinguruma tu likanyamaza. Miezi minne mbele niko safarini Mbeya vidonge nimesahau nyumbani Dar, nikaja kuvipata siku ya tatu kidole kishakuwa embe, nikameza dozi ile ile, na kiukweli ilikuwa kama nameza pipi. Dawa ile ile, pakiti ile ile, mtu yule yule. Tofauti ni masaa. Wanashauri ndani ya masaa 12 tangu dalili ianze na mimi naongeza, ikiwa ndani ya mawili bora zaidi.

Kitu kingine cha kuwatahadharisha kwenye marivyuu ya watu: gauti inaisha yenyewe. Wiki moja, mbili, inaondoka hata usipofanya kitu, sababu nyutrofili wakijaa sana wanatema nyavu za vinasaba vyao, nyavu zinagandamana zinanasa zile kemikali za kuchochea na kuzikatakata, ndo king'ora kinazimika. Kwa hiyo mganga yeyote akija siku ya saba na majani yake atasifiwa mpaka kanisani. Mimi mwenyewe nilishamlipa mmoja.

Haya, nyota niliyokata.

Kwanza hii dawa kati ya dozi na sumu pana nafasi ndogo sana, na ukizidisha hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake, hospitali watakusaidia kupumua na kuomba Mungu. Ukiwa na figo mbovu inajikusanya mwilini. Ukiimeza huku unatumia antibayotiki ya klarithromaisini, au dawa ya fangasi ya ketokonazo, inapanda kwenye damu kupita kiasi, watu wameshakufa hivyo, hata juisi ya balungi wanasema achana nayo. Hivi kwenye famasi zote nilizopita ni moja tu waliniuliza natumia dawa gani nyingine, dada mmoja mkali kama mwalimu wa zamu, nikamuona msumbufu na leo ndo famasi yangu. Na kuna lile ua la kutambaa, jekundu lenye kingo za njano, petali zimejikunja kwenda juu kama miali ya moto, linaota porini kwetu huku, kitaalamu Gloriosa superba. Lina kolchisini mwili mzima na kwenye mizizi ndo balaa. Nimeshasikia mtu anasema kama dawa inatoka kwenye mimea si tuchimbe tu. Tafadhali sana. Hawa wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kolchisini mwaka 1820, mwaka ule ule walioitenga kwinini, hakuna tena haja ya kukisia kiasi kwenye mizizi, wewe unataka kurudi nyuma miaka mia mbili kwa kijiko cha chai.

Pili, haitoi fuwele hata moja. Inazima king'ora, moto wenyewe haiugusi. Mimi baada ya ile Ijumaa nilijiona nimepona nikarudi Sinza kwa kishindo, mpaka dokta akaniwekea alopurinoli ya kushusha yuriki asidi chini ya 6. Na hapo pana mtego ambao hakuna aliyewahi kuniambia, ukianza alopurinoli fuwele zinaanza kuyeyuka na kumeguka, zile seli zinaziona upya, unapata mashambulizi mengi zaidi miezi ya mwanzo. Wengi wanaitupa wakisema imewazidishia ugonjwa. Ndo maana akanipa kolchisini kimoja kwa siku kwa miezi sita kama mlinzi wa getini wakati fuwele zinahamishwa, na kwa kazi hiyo naipa tano bila kufikiri, nilishambuliwa mara moja tu, na kwa unyonge.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba huyu NLRP3 hana macho ya kutofautisha fuwele na fuwele. Vumbi la mawe wanalovuta wachimbaji, kama wale wa Mererani kwenye tanzanaiti, linamuwasha humo mapafuni. Ile takataka nyeusi ambayo vijidudu vya malaria vinaiacha vikishakula damu yetu, nayo ni fuwele, nayo inamuwasha. Mwaka 2010 wakakuta hata fuwele za kolestro kwenye mishipa zinamuwasha, ndo watu wa moyo wakaanza kuiangalia hii dawa yetu ya jongo kwa jicho lingine. Utafiti wa LoDoCo2 wa 2020, wagonjwa 5,522 wa Australia na Uholanzi, miligramu 0.5 kila siku, matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 31. Marekani wakairuhusu kwa kazi hiyo Juni 2023. Msikimbilie lakini, 2024 ukatoka mwingine mkubwa zaidi, watu kama elfu saba waliotoka kupata shambulio la moyo, haukuonyesha faida. Kwa hiyo mzee wako wa presha usimpe ya kwako.

Na kabla mtu hajauliza kwa nini tusiuzime kabisa huo mtambo tukaishi kwa raha, walishajaribu njia ya karibu na hiyo. Utafiti wa CANTOS, 2017, watu 10,061, sindano ya kuzuia intalukini-1 beta peke yake. Matukio ya moyo yalipungua kweli. Ila waliokufa kwa maambukizi wakawa wengi kuliko waliopewa sindano feki. Yule yule anayenitesa na kidole ndo aliyekuwa ananilinda na nimonia, nilimtukana miaka mitatu bila kujua.

Bei: kwangu haijanitisha, dozi ya miezi sita ilinitoka chini ya nilichokuwa nalipa kwa sindano na bajaji. Wenzetu Marekani walikuwa wanainunua kama senti 9 kwa kidonge mpaka 2009, mamlaka yao ikampa mtengenezaji mmoja haki ya kuiuza peke yake ikaruka mpaka karibu dola 5, kidonge kimoja, dawa ambayo Wagiriki walikuwa wanakunywa mizizi ya mmea wake karne ya 6 baada ya Kristo. Mkilalamika kuhusu Kariakoo mkumbuke hilo.

Hali ya sasa: yuriki asidi 5.4, alopurinoli kila siku, kolchisini nimeshasimamishwa ila kuna vitatu kwenye wallet nyuma ya kitambulisho, vitatu tu, mama Neema ndo anahesabu. Sio kila famasi inayo, piga simu kwanza kabla ya kupoteza nauli na mguu wako huo. Na angalieni namba kwenye pakiti jamani, vipo vya 0.5 na vipo vya 1, mara ya mwisho nilipewa vya 1 kwenye boksi linalofanana rangi kabisa, nimeshafika kituoni ndo nageuza nyuma nasoma, nikarudi na kilema changu mpaka dirishani na foleni nikaipanga upya.